Taa ya VSC imewaka na mashine imetoa kodi ya U: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Tanga

Majibu haya nimewaandikia wenye magari wa Tanga na mafundi wenzangu wa umeme, kuanzia Ngamiani na Chumbageni hadi Pongwe, Muheza na Pangani. Yanaingia magari mengi ambayo mwenyewe ameshaambiwa "pampu ya ABS imekufa" (ABS ni mfumo wa breki unaozuia tairi zisijifunge), na wengine wameshailipia. Nitakalolirudia humu ni moja: kodi ya U, yaani namba ya kosa la mawasiliano inayosomwa na mashine ya kupimia gari, inakutajia kifaa kilichonyamaza, haikwambii kwa nini kimenyamaza. Mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima, ila hakipati moto (umeme wa betri), au hakina ethi (njia ya hasi kupitia bodi ya gari), au waya wake wa mawasiliano umeoza.

Ile taa yenye picha ya gari linaloserereka ina kazi gani?

Ni taa ya mfumo unaolizuia gari lisipoteze mwelekeo. Toyota wanauita VSC, Nissan na Subaru VDC, Honda VSA, Mercedes-Benz ESP, Mitsubishi ASC, BMW na Mazda DSC. Majina mengi, kazi ile ile. Uliingia kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1995: Mercedes-Benz walikuja na wa Bosch, na Toyota wakaweka wa kwao kwenye Crown Majesta.

Chukua mtu anateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, mvua inanyesha, kona ya kulia imemjia ghafla. Usukani ameshaukata kulia lakini pua ya gari bado inakwenda bondeni. Sensa ya usukani inasema dereva anataka kwenda huku. Sensa ya mzunguko wa bodi, ile inayohisi gari linavyogeuka, inasema gari haliendi huko. Kontroli boksi ya ABS, yaani kompyuta yake, inalinganisha taarifa hizo mbili pamoja na mwendo wa kila tairi, kisha inakamata breki ya tairi moja tu, hapo itakuwa ya nyuma kulia, ili pua irudi ndani ya kona. Wakati huohuo inaiomba kontroli boksi ya injini ipunguze nguvu.

Hilo neno "inaiomba" ndilo linalotuhusu hapa. Kontroli boksi ya ABS haiwezi kuipunguzia injini nguvu peke yake, na kwenye magari mengi hata taarifa za usukani na mzunguko wa bodi zinaifikia kwa njia ya mtandao wa gari. Mawasiliano yakikatika, mfumo unajizima na kuwasha taa. Na ni vizuri unafanya hivyo, kwa sababu kukamata breki ya tairi moja kwa taarifa ya uongo kunaweza kukupindua.

"Kukosa mawasiliano" maana yake nini hasa?

Kontroli boksi za gari lako zinaongea kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mtandao unaoitwa CAN. Bosch waliutangaza mwaka 1986, na leo karibu kila gari linaloshuka bandarini linao. Waya mmoja unaitwa CAN-H, mwingine CAN-L. Kila kifaa kimeungwa kwenye nyaya hizo hizo, na kila kinachosemwa kinasikiwa na wote.

Ni kama wazee wa baraza wanaokutana kila jioni. Mmoja asipotokea, wenzake wote watasema "fulani leo hatujamwona", lakini hakuna kati yao anayejua kama anaumwa, kafungiwa ndani, au daraja la kwake limekatika. Kodi ya U ni ule usemi wa "hatujamwona".

Kodi za P, C, B na U zinatofautianaje?

Herufi ya mbele inakwambia uko sehemu gani ya gari. P ni injini na gia, C ni breki, usukani na sehemu za chini, B ni mambo ya bodi kama airbag na milango, U ni mtandao wa mawasiliano. Zinazotuletea wageni wengi ni hizi:

U0100: kontroli boksi ya injini haisikiki.
U0121 au U0129: kontroli boksi ya ABS au ya breki haisikiki.
U0123: sensa ya mzunguko wa bodi haisikiki.
U0126: sensa ya usukani haisikiki.
U0073: mtandao wenyewe umezimika.

Ziko pia kodi kama U0415, ambapo ABS inasikika lakini inachosema hakieleweki au hakiaminiki. Hiyo ni kazi nyingine. Hapo usianze kukata nyaya, anza kwa kusoma kodi zilizoko ndani ya ABS yenyewe.

Na kodi za C0200, C0205, C0210 na C0215 kwenye Toyota si za mawasiliano. Hizo ni sensa za tairi: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto, kwa mpangilio huo. Zinawasha taa ile ile ya VSC, lakini dawa yake iko kwenye beringi, waya wa sensa au uchafu uliogandia hapo chini.

Nina Harrier. Check engine, VSC na 4WD zimewaka kwa pamoja siku moja. Vimeharibika vitatu?

Hapana, dada. Hili ndilo linaloliza watu wengi pesa bure. Kwenye Toyota nyingi, hasa Harrier, RAV4 na Kluger, injini ikiwa na kosa lolote linalowasha check engine, mfumo wa VSC unajizima kwa tahadhari kwa sababu hauwezi kuitegemea injini. ABS inaandika kodi C1201, ambayo maana yake ni "injini ina tatizo, nimejiweka pembeni".

Kwa hiyo nenda kwenye injini kwanza. Inaweza kuwa sensa ya oksijeni, koili ya plagi, au bomba la hewa lililopasuka. Ukirekebisha hilo na kufuta kodi, taa zote tatu zinazimika pamoja. Fundi akisoma C1201 peke yake na kukuambia ununue pampu ya ABS, mwombe kwanza akuonyeshe kodi za upande wa injini.

Nimebonyeza kitu karibu na gia, ikawaka "TRC OFF". Ni kosa?

Ni swichi ya kuzima TRC, mfumo unaozuia tairi zisizunguke bure ukikanyaga mafuta. Bonyeza tena. Ukizima injini na kuiwasha upya, kwa magari mengi mfumo unarudi wenyewe.

Nina kile kimashine kidogo cha Bluetooth kinachosoma kwenye simu. Kinasema gari halina kosa, na taa inawaka.

Vingi vya aina hiyo vinasoma kontroli boksi ya injini tu. Tatizo la VSC limekaa upande wa ABS, kwa hiyo kinakujibu kwa ukweli wa sehemu ndogo kinayoiona. Unahitaji mashine inayoingia kwenye ABS, dashibodi, airbag na usukani. Kwa Toyota, programu ya kiwandani inaitwa Techstream, na ziko mashine nyingine za kawaida zinazofika huko. Kabla ya kulipa mahali popote pesa ya "kupima kwa kompyuta", uliza: "Mashine yako inaingia kwenye ABS?" Jibu likiwa la kuzungukazunguka, ondoka.

Gari limeletwa na U0121. Fundi aanzie wapi?

Aanzie kwenye betri, na wala si utani. Betri ikiwa imepumzika inatakiwa iwe karibu volti 12.6. Ukipiga stata isishuke chini ya kama volti 10, na injini ikiwaka alteneta itoe kati ya 13.5 na 14.7. Betri dhaifu inapozama wakati wa stata, kontroli boksi moja inaweza kuzimika kwa nusu sekunde, na nyingine zote zikaandika kwamba haikusikika. Baadaye kila kitu ni kizima, lakini kodi imebaki kwenye kumbukumbu.

Pili, soma kodi za kontroli boksi zote, uziandike kwenye karatasi kabla ya kufuta chochote. Halafu kaa uangalie nani analalamika na analalamikia nani. Kama injini, dashibodi na usukani wote wanasema ABS haisikiki, na mashine yako inaingia kwa hao wote isipokuwa ABS, basi tatizo liko kwenye ABS au tawi lake. Kama kila kifaa kinalalamikia kila kifaa na mashine haiingii popote, mtandao mzima umepigwa shoti au umekatika. Kama analalamika mmoja tu, akisema hamsikii yeyote, mchunguze huyo anayelalamika. Karatasi hiyo inakuokolea nusu ya kazi, na inasikitisha kwamba mafundi wengi wanafuta kodi kabla hata hawajaisoma vizuri.

Tatu, moto na ethi ya ABS. Pampu ya ABS ina fyuzi zaidi ya moja: kubwa ya mota, nyingine ya valvu, na ndogo inayopata moto ukitia swichi. Moja ikiungua, kifaa kinaweza kufa kabisa au kufa nusu. Usiangalie fyuzi kwa macho, ipime. Kisha chomoa betri, chomoa soketi ya ABS, rudisha betri, na upime moto ukiwa na mzigo.

Kwa nini unasisitiza mzigo? Testa yangu inaonyesha volti 12, si inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo pampu nyingi nzima zinapohukumiwa. Waya uliooza ukabaki uzi mmoja bado utaonyesha volti 12 kwenye testa, kwa sababu testa haivuti umeme wa maana. Ukiweka mzigo, uzi huo haubebi kitu.

Chukua balbu ya taa ya breki ya wati 21, iunganishie nyaya mbili fupi. Upande mmoja gusa tundu la moto kwenye soketi ya ABS upande wa nyaya za gari, upande wa pili gusa tundu la ethi la soketi hiyo hiyo. Angalia usiyapanue matundu. Ikiwaka kwa mwanga wa kawaida, njia hiyo inapitisha umeme. Ikiwaka kama mshumaa, au ikiwaka na kufifia, umeshapata ugonjwa bila kununua kitu.

Gari moja lililoniachia funzo kubwa lilikuja na pampu mbili za mtumba kwenye buti, zote zimejaribiwa kwenye gereji nyingine. Volti zilikuwepo. Balbu ikawaka nyekundu kwa unyonge. Nikafuata waya wa ethi mpaka kwenye boliti ya bodi, nyuma ya taa ya mbele kushoto. Kwa nje boliti ilikuwa inang'aa, imepakwa rangi wakati bampa linanyooshwa. Ilipofunguliwa, chini ya kichwa cha waya palikuwa na rangi ya silva, nene, safi kabisa, na chuma hakigusani na chuma. Nikapiga msasa hadi chuma kikaonekana, nikakaza, nikapaka grisi juu. Pampu ya zamani ya gari lenyewe ikaamka.

Tahadhari: balbu ni ya moto na ethi tu. Usiiguse kamwe kwenye nyaya za CAN. Utaua kontroli boksi zilizokuwa nzima.

Nyaya za CAN zinapimwaje bila mashine kubwa?

Kwa testa ya kawaida, kwenye ile soketi ya kupimia chini ya usukani. Tundu namba 6 ni CAN-H, namba 14 ni CAN-L, namba 16 ni moto wa betri, namba 4 na 5 ni ethi. Magari ya zamani, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, mengi hayana CAN kwenye matundu hayo, kwa hiyo angalia kwanza kama tundu la 6 na la 14 yana pini ndani.

Chomoa hasi ya betri, subiri dakika chache kontroli boksi zilale, weka testa kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), pima kati ya 6 na 14. Kwenye ncha mbili za mtandao kuna vizuizi viwili vya omu 120 kila kimoja. Vikiwa sambamba vinatoa 60. Kwenye Toyota nyingi kimoja kimo ndani ya kontroli boksi ya injini na kingine ndani ya dashibodi, lakini fuata mchoro wa gari lako.

Ukipata karibu 60, uti wa mgongo wa mtandao uko salama. Ukipata 120, ncha moja haifiki, ama waya umekatika njiani au kifaa chenye kizuizi kimechomoka. Ukikaribia sifuri, CAN-H na CAN-L zimegusana mahali. Testa isiposoma chochote, hata njia ya kuja kwenye soketi imekatika.

Sasa hapa niwe wazi, kwa sababu hata mafundi wazuri wanateleza. Kupata 60 hakumaanishi kwamba tawi la ABS ni zima. ABS kwa kawaida inaning'inia kwenye tawi lililochepuka kutoka kwenye uti wa mgongo, na tawi likikatika, zile omu 60 zinabaki palepale. Lazima uende ukapime kwenye soketi ya ABS yenyewe, ukiwa umeichomoa, kati ya nyaya zake mbili za CAN upande wa gari. Ukipata 60 na pale pia, waya unafika. Usipopata, shika njia kutoka ABS kurudi nyuma mpaka utakapoipata.

Baada ya hapo rudisha betri, tia swichi bila kuwasha injini, pima volti kila waya dhidi ya ethi. CAN-H inakaa karibu 2.6 au 2.7, CAN-L karibu 2.3 au 2.4, na ukizijumlisha zinakaribia 5. Waya mmoja ukisoma sifuri tupu, umegusa bodi. Ukisoma 12, umegusa waya wa moto. Kumpata mwenye shoti, chomoa kifaa kimoja kimoja huku mwenzako anaangalia testa. Kipimo kikirudi kawaida baada ya kuchomoa kifaa fulani, ni kifaa hicho au tawi lake. Ila kumbuka ukichomoa kifaa chenye kizuizi, omu zitapanda hadi 120, na hilo si kosa.

Kwenye magari mapya ya Ulaya, soketi ya kupimia imeungwa na kontroli boksi ya katikati tu inayopokea na kugawa taarifa, kwa hiyo kipimo cha pale hakikuonyeshi mtandao wa ABS. Huko mchoro ni lazima.

Kwa nini hapa Tanga haya matatizo ni mengi?

Sina takwimu za kulinganisha miji, nasema ninachokiona ndani ya soketi.

La kwanza ni chumvi. Gari linalolala Raskazone au karibu na bandari linapulizwa na upepo wa bahari usiku kucha. Shaba ikipata chumvi na unyevu inaota unga wa kijani. Soketi ya ABS imekaa chini ya boneti, kwenye kona, na ile raba ya kuzuia maji ikishapasuka au ikiachwa na fundi aliyepita, kazi imekwisha.

La pili ni maji ndani ya gari, na hapa nieleze kwa kirefu. Sensa ya mzunguko wa bodi kwenye Toyota nyingi imefungwa sakafuni katikati, chini ya koni iliyo kati ya viti viwili vya mbele. Tanga tunabeba samaki. Mtu anatoka Deep Sea na ndoo mbili nyuma ya kiti, barafu inayeyuka njiani, maji ya samaki yanashuka chini ya kapeti. Juu kapeti linakauka jua likipiga. Chini yake kuna sponji, na sponji hiyo haikauki kwa wiki nyingi. Nilifungua koni ya gari moja la namna hiyo: skrubu za sensa zimeliwa kichwa, soketi imejaa kijani mpaka pini mbili zimeungana, na harufu ndiyo iliyonionyesha njia kabla ya testa. Kodi ilikuwa U0123. Kubeba samaki si kosa, ni riziki. Weka turubai nene au beseni pana chini ya ndoo, na maji yakimwagika toa kapeti nje lote, usipanguse juu tu.

La tatu ni redio. Magari ya Japani yanakuja na redio ya FM inayoanzia 76 kuishia 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, basi kila mtu anabadilisha redio. Aliyefunga anatafuta moto na ethi nyuma ya dashibodi, anachuna waya wowote wenye volti anazozitaka, anazungusha nailoni. Nyaya za CAN zinapita humo humo. Vifaa vya kufuatilia gari na alamu vinaingia kwenye kundi hili. Gari likija na kodi za U, swali langu la kwanza kwa mwenyewe ni: "Umefunga nini karibuni?"

Kisha kuna panya, wanaopenda joto la injini, na kuosha injini kwa presha. Ukilazimika kuosha injini, funika kwa nailoni fyuzi boksi, alteneta na soketi ya ABS, na usielekeze presha huko hata kidogo.

Taa inawaka na kuzimika. Nikifika gereji gari ni zima.

Hilo ni gumu, lakini halishindikani. Andika inawaka lini: kwenye matuta, ukikata usukani, mvua ikinyesha, injini ikipata moto, ukiwasha AC. Ikiwaka kwenye matuta ya njia ya Pangani na haiwaki kwenye lami nzuri, tunatafuta waya uliolegea. Ikiwaka ukikata usukani tu, tunashuku sensa ya usukani au ile tepe ya kuzunguka nyuma ya usukani.

Fundi atafungua taarifa za moja kwa moja kwenye mashine, atikise soketi na nyaya moja moja, mwingine akiangalia skrini. Atapima pia ulaini wa pini: pini ya kike iliyopanuliwa na misumari ya testa haikamati tena, na hiyo tumeisababisha sisi mafundi mara nyingi kuliko tunavyokubali.

Akitaka kufungua usukani, lazima achomoe hasi ya betri na kusubiri. Toyota wanasema si chini ya sekunde 90. Airbag ikilipuka usoni kwa mtu ni janga.

Waya wa CAN ukikatika, uungwe vipi?

Kata sehemu yote iliyooza mpaka upate shaba nyekundu. Unga kwa risasi ya kuyeyusha (solda), vika bomba la kusinyaa kwa moto, na maungio ya nyaya mbili yasikae sehemu moja, yapishane. Rudisha msokoto karibu kabisa na maungio. Nyaya hizi zimesokotwa ili makelele ya umeme yazipige zote sawa na kufutana. Ukiziachia zimenyooka sehemu ndefu pembeni ya koili au alteneta, unatengeneza ugonjwa mwingine. Soketi yenye kijani isafishwe kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme. Petroli inaharibu plastiki na raba, iache.

Kila kitu kimepimwa na ABS bado haiongei. Sasa ninunue?

Sasa ndiyo. Moto upo chini ya mzigo, ethi ipo, nyaya za CAN zinafika kwenye soketi yake na zina volti sahihi, na bado mashine haiingii: kontroli boksi ya ABS imekufa. Kwa spea ya mtumba, namba iliyoandikwa juu yake ifanane yote na ya kwako, kwa sababu pampu ya gari la 4WD na la kawaida zinaweza kufanana kwa umbo na zisielewane na gari lako. Baadhi ya magari yanadai kifaa kiandikishwe kwa mashine kabla hakijafanya kazi, muulize fundi kama ana uwezo huo kabla hujatoa pesa. Ukibadilisha pampu nzima, mafuta ya breki yatatolewa na hewa lazima itolewe kwa utaratibu wa gari hilo. Pedali ikibaki laini, usiondoe gari gereji.

Naweza kuendesha hadi Dar na taa hii?

Ikiwaka VSC peke yake na breki ni za kawaida, gari linatembea, ila huna msaada kwenye kona wala utelezi. Ikiwaka na ABS, tairi zinaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu. Punguza mwendo, ongeza nafasi, mvua ikinyesha simama. Ikiongezeka taa nyekundu ya breki, mgawanyo wa breki za mbele na nyuma unaweza kuwa umepotea, na nyuma ya gari inaweza kukupita. Angalia mafuta ya breki kwanza; hata yakiwa yamejaa, usisafiri.

Prius, Aqua na Toyota nyingine za haibridi ni habari tofauti. Breki zake zinaendeshwa na kompyuta. Taa nyekundu ikiwaka na kengele inalia, weka gari pembeni na uite wa kulivuta.

Nimebadilisha betri, au nimepiga alaimenti, na taa ya VSC imebaki.

Mara nyingi si waya. Sensa imesahau sifuri yake. Magari mengine yanajikumbusha ukizungusha usukani mwisho hadi mwisho na kuendesha kidogo kwenye barabara iliyonyooka. Mengine, yakiwemo Toyota yenye kodi C1210, yanataka sifuri iwekwe kwa mashine. Kazi hiyo ifanyike mahali tambarare, usukani umenyooka, gari halitikisiki na hakuna mtu aliyeegemea mlango. Kwenye uwanja wa gereji wenye mteremko utapata sifuri ya uongo, na mfumo utakuja kukamata breki pasipohitajika.

Nanunua gari la mkononi. Nitajuaje kama tatizo hili limefichwa?

Tia swichi bila kuwasha injini, angalia dashibodi. Taa za ABS, VSC na airbag lazima ziwake kwa sekunde chache kisha zizimike. Ambayo haikuwaka kabisa imechomolewa au imezibwa, na aliyeiziba anajua sababu. Baadaye endesha kidogo kuzidi mwendo wa kutembea, ukate kona kulia na kushoto, uone kama kuna inayorudi. Mwisho lipia mashine inayoingia kwenye ABS, na usimame hapo hapo wakati inasoma. Ikiandika kwamba ABS haijibu, huku injini inajibu, usilipe bei ya gari zima hata muuzaji akiapa kwamba ni fyuzi tu. Mwambie aibadilishe hiyo fyuzi mbele yako, kisha ipimwe tena.